Somo: Namna ya kumpima mchezaji wa akiba

Wakuu, kila dirisha la usajili tunabishania kikosi cha kwanza, wakati benchi ndilo linaloamua ligi. Tangu sub tano (kubadili wachezaji watano kwa mechi) ziwe kanuni ya kudumu mwaka 2022, kocha anaweza kubadili nusu ya wachezaji wake ukimtoa kipa.

Hatua ya 1: Jua yuko benchi kwa kazi gani.
Kuna akiba wa kuziba pengo na akiba wa kubadili mchezo. Divock Origi, straika wa akiba wa Liverpool, hakuwa mtu wa kushuka kuunganisha viungo (wachezaji wa katikati) kama Firmino, straika wa kwanza. Lakini Mei 2019, Firmino na Salah wakiwa majeruhi, alifunga mawili Liverpool ikiichapa Barcelona 4-0. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya akatoka benchi, akafunga la pili dhidi ya Tottenham. Ukimpima kwa kipimo cha Firmino, unamwonea.

Hatua ya 2: Futa dakika za bure.
Kuingia dakika ya 80 timu ikiongoza 4-0 hakukuambii kitu. Tafuta mechi za ugenini alizoanza, au alizoingia timu imebanwa.

Hatua ya 3: Waangalie majirani zake.
Hapa ndipo penye kazi. Akiingia beki wa kushoto wa akiba, macho yako yaende kwa winga wa upande ule na beki wa kati aliye jirani yake. Winga ameacha kupanda? Beki wa kati anavutika pembeni kumfunika? Basi mmebadilisha mtu mmoja, wamepungua watatu.

Timu ya mtaani ninayoifundisha ilinionyesha hili. Kijana wetu wa akiba alisimama wazi pembeni, mkono juu. Kipa akamwona, akageukia kulia. Mara ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Kijana hakupoteza pasi hata moja siku ile, kwa sababu hakupewa mpira. Tangu hapo nahesabu mara ngapi mchezaji yuko huru na wenzake wanamnyima.

Maswali ya wadau

Swali: Mwalimu, kipa namba mbili hachezi. Nampimaje?
Jibu: Siku akicheza, tazama mabeki wanasimama wapi. Wasipomwamini wanarudi nyuma kumlinda. Aishi Manula alipoumia mwaka 2023, Simba ilimweka golini Ally Salim. Aprili wakaifunga Yanga 2-0, na Agosti akaokoa penalti za Yanga kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga.

Swali: Straika anafunga kila akiingia. Kwa nini asianze?
Jibu: Beki wa dakika ya 80 ana miguu mizito, wa dakika ya kwanza hana. Joselu wa Real Madrid aliifunga Bayern mawili mwishoni mwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2024 akitokea benchi. Wako mpe mechi tatu za kuanza ndipo useme.

Swali: Mimi natazama kwenye TV, kamera inafuata mpira. Hao majirani nitawaonaje?
Jibu: Subiri golikiki. Kamera huvutwa nyuma, unaona walivyojipanga. Hesabu golikiki tano kabla hajaingia na tano baada ya kuingia, halafu linganisha.