RV Marekani: karatasi, gesi na pa kulala, hatua kwa hatua

Shemeji yangu wa Texas alinipigia simu usiku. Trela lake jipya la futi 32, aina ya RV (nyumba ya safari yenye magurudumu, ya kuvutwa au yenye injini yake), lilikuwa limekaa kwenye yadi ya muuzaji kwa majuma mengi, na kila akiuliza anajibiwa "kipuri kinakuja". Nikamuuliza swali moja tu: "Shemeji, una karatasi ngapi mkononi?" Akanyamaza. Nikajua tumeanza vibaya, maana na mimi nilianzia hapo hapo na RV yangu ya kwanza.

Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanga upya. Kabla ya hatua yenyewe, shika jambo moja: sheria za Marekani hazijakubaliana kama RV ni gari au nyumba. Ikiwa na kitanda, jiko na choo, watu wa kodi, IRS, wanaihesabu kuwa inaweza kuwa nyumba yako ya pili, na riba ya mkopo wake inaweza kuingia kwenye makato yako. Polisi akikusimamisha barabarani, hiyo hiyo ni gari. Na siku ukidai haki yako kwa sababu ni mbovu, kila unayemfuata atakwambia sehemu iliyoharibika si ya kwake.

Hatua ya 1: Usisaini siku ya maonyesho

Wengi wanaamini ukinunua una siku tatu za kubadili mawazo. Hakuna. Kanuni ya shirikisho ya siku tatu ilitungwa kwa ajili ya wauzaji wanaokufuata nyumbani au kwenye kumbi za muda, na magari yanayouzwa kwenye maonyesho na muuzaji mwenye duka lake la kudumu yametolewa humo. Ukisaini pale kwenye zulia jekundu, umesaini.

Lipia mkaguzi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Akupandie paani na afungue mabomba ya maji yote. Kibandiko cha RVIA, chama cha viwanda vya RV, mlangoni si cheti cha ukaguzi wa gari lile ulilosimama mbele yake. Ni tamko la kiwanda kwamba kinafuata viwango. Kisha ingiza namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa shirikisho wa usalama barabarani, uone kama kuna wito wa kurudisha gari kwa usalama. Matengenezo ya wito huo ni bure, hata kama wewe ni mnunuzi wa pili, mradi gari halijapita miaka 15 tangu lilipouzwa mara ya kwanza.

Hatua ya 2: Leseni na mizani

Leseni ya kawaida inatosha kwa wengi, ila si kwa wote, na kila jimbo lina mpaka wake. Texas wanatazama uzito: RV ikizidi paundi 26,000 unahitaji leseni ya daraja B isiyo ya biashara. California wanatazama urefu pia. RV ya injini mpaka futi 40 unaendesha na leseni ya kawaida ya daraja C. Kuanzia hapo mpaka futi 45 unahitaji daraja B isiyo ya biashara. Muuzaji hatakwambia haya, kwa sababu akikwambia hutanunua leo.

Nenda kwenye mizani ya malori ukiwa umejaza maji, chakula, baiskeli na watu. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko cha uzito. Usiniletee habari za "naona limekaa sawa". Matairi hayaoni.

Watoto wasikae ndani ya trela likiwa linavutwa. Majimbo mengi yanakataza, na hata pasipokatazwa, nisingekaa mimi.

Hatua ya 3: Waranti, na hapa tulia

Hatua hii ilinila kiangazi kizima, kwa hiyo usinilaumu kwa urefu.

RV haina waranti moja. Ya injini ina waranti ya aliyetengeneza chasisi, Ford kwa mfano, halafu waranti ya kiwanda kilichojenga nyumba juu yake, halafu friji ina yake, kiyoyozi chake, matairi yake. Chumba kinachotokeza ubavuni ukibonyeza swichi kikianza kuvuja, aliyetengeneza chasisi atasema si yeye. Kiwanda cha nyumba kitasema mota ya chumba imetoka kwa mtu mwingine. Kabla hujampigia yeyote, chukua daftari, andika kila kifaa, namba yake, na waranti yake inaisha lini. Saa moja ya kazi. Mimi sikuifanya, nikazunguka simu tatu kwa majuma.

Halafu kuna ile sheria ya magari mabovu ambayo kila mtu anaitaja. Kila jimbo lina yake, na mengi yanaacha nje sehemu ya kuishi ya RV au yanaacha matrela kabisa. California inahesabu chasisi na mfumo wa kuendesha wa RV ya injini kuwa gari jipya chini ya sheria hiyo: kasoro hiyo hiyo ikitengenezwa mara nne bila kupona, au mara mbili ikiwa inaweza kuua, au gari likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, sheria inaanza kwa kudhani gari ni bovu. Texas ni wakarimu zaidi kwa watu kama shemeji, kwa sababu sheria yao inataja na matrela ya kuishi, na siku 30 za gereji zinahesabiwa ndani ya miezi 24 au maili 24,000. Malalamiko unayapeleka kwenye idara ya magari ya jimbo, ada dola 35, na lazima uwe umemwandikia mtengenezaji na kumpa nafasi ya kutengeneza.

Sasa Indiana. RV nyingi za Marekani zinajengwa Elkhart na vijiji vya jirani, na waranti nyingi zina mstari mmoja mdogo unaosema mgogoro utaamuliwa kwa sheria na mahakama za Indiana. Sheria ya Indiana ya magari mabovu imezitoa RV za injini nje kwa jina. Sijui nani aliyeiandika, ila najua alikuwa na majirani wa aina gani. Soma kijitabu cha waranti kabla ya kununua, tafuta mahali panapotaja jimbo, na kama pana usuluhishi wa lazima badala ya mahakama, ujue. Mimi ningekubali RV yenye kabati mbaya na waranti safi kuliko kinyume chake.

Siku za gereji ndizo zilizonimaliza. RV yangu ilipovuja, muuzaji mmoja, simtaji, aliniambia kwa upole: "Nenda nayo nyumbani uitumie, kipuri kikija tutakuita." Nikamshukuru. Yale majuma yote RV iko kwangu hayakuhesabiwa hata siku moja, kwa sababu gari lilikuwa mikononi mwangu. Ukiambiwa hivyo, uliza kwanza kwa maandishi: je, ni salama kulitumia na kasoro hii? Kama jibu si ndiyo, liache pale pale. Kama ni lazima uondoke nalo, andika kwenye karatasi ya kazi kwamba umeondoka kwa ombi lao, kipuri hakipo, kasoro bado ipo.

Na hiyo karatasi ya kazi ndiyo kesi yako. Usiondoke gereji bila nakala, hata kama hawakugusa kitu. Hakikisha ina:

- tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, si tarehe moja tu;
- maili zilizosomwa;
- malalamiko kwa maneno yako. Ukisema "maji yanatiririka kona ya kulia ya chumba mvua ikinyesha", yaandikwe hayo, si "mteja anasema kuna unyevu";
- walichofanya. Wakiandika "tatizo halikuonekana", omba fundi asimame nawe umwoneshe, mmwagie maji kwa mpira pale pale, upige video.

Kwenye karatasi zangu tatu za kwanza kasoro ile ile iliandikwa kwa majina matatu tofauti. Nilipozipeleka kwa wakili, aliniambia mtengenezaji atasema haya ni matatizo matatu, kila moja lilitengenezwa mara moja. Tangu hapo natumia sentensi ile ile, neno kwa neno, kila ninaporudi. Nimeiandika kwenye simu, naisoma kama dua.

Barua kwa kiwanda ipeleke kwa rejista yenye kadi ya saini inayorudi kwako. Barua pepe ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini ile kadi yenye saini haibishiwi. Simu usiitumie kabisa kwa jambo la haki. Simu ni ya kuuliza wanafunga saa ngapi.

Jimbo lako likikunyima, kuna sheria ya shirikisho ya waranti, Magnuson-Moss, ya mwaka 1975. Haiachi nje sehemu ya kuishi, kwa sababu inaangalia bidhaa za matumizi ya nyumbani kwa jumla. Ukishinda, mahakama inaweza kumwamuru mtengenezaji alipe wakili wako, ndiyo maana wapo mawakili wanaozichukua kesi hizi bila kukutoza mwanzoni. Sheria hiyo hiyo inakataza kukufungia kwenye mafundi au vipuri vya chapa yao ili waranti iendelee. Ukiziba paa mwenyewe au kwa fundi wa mtaani, waranti haifi kwa hilo peke yake. Wao ndio wa kuonesha kwamba kazi ile ndiyo iliyoleta uharibifu. Weka risiti za silikoni, tafadhali, na picha za kabla na baada.

Shemeji tulimpangia karatasi zake kwenye faili moja kwa tarehe. Zilikuwa mbili, na moja haikuwa na tarehe ya kutoka. Akarudi yadini kuiomba ijazwe. Walijaza, maana aliwakuta asubuhi na kwa adabu.

Hatua ya 4: Njia, gesi na urefu wa juu

Pima urefu wa juu wewe mwenyewe, toka ardhini mpaka kilele cha kiyoyozi, uandike mbele ya usukani. Barabara za New York zinazoitwa "Parkway" zina madaraja ya chini, na RV hazitakiwi humo. Ramani ya simu ya kawaida itakupeleka huko huko ikicheka. Nunua ramani ya RV inayokuuliza vipimo.

Mitungi ya gesi ya kupikia ina mahandaki yake ya haramu. Baltimore, handaki la Fort McHenry kwenye I-95 na lile la Harbor kwenye I-895 hayapokei mtungi unaozidi paundi 10, na mitungi ya RV karibu yote inazidi. Zamani tulikuwa tunazungukia daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli, kwa hiyo sasa unazunguka na I-695 upande wa magharibi wa jiji.

Kwenye hifadhi ya Glacier, barabara ya Going-to-the-Sun haipitishi gari linalozidi futi 21 kwa urefu au futi 8 kwa upana kati ya Avalanche Creek na Rising Sun. Vioo vinahesabiwa.

Hatua ya 5: Pa kulala

Ardhi ya umma chini ya BLM, idara ya shirikisho ya ardhi, kwa kawaida inakuruhusu siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama, mara nyingi maili 25 au zaidi. Uliza ofisi ya eneo, kwani zinatofautiana. Vituo vya mapumziko vya barabara kuu navyo vina kikomo cha kukaa: Florida muda wa saa 3, California 8, Texas 24. Ndani ya miji soma kibao. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani kuhusu mji wa Grants Pass, Oregon, Juni 2024, miji ina nguvu zaidi za kuadhibu wanaolala kwenye maeneo ya umma, na mingi haitofautishi hema na gari. Maegesho ya duka ni mali ya mtu. Ingia ndani, muulize meneja, nunua kitu.

Hatua ya 6: Askari akigonga

Mwaka 1985, kwenye kesi ya California v. Carney, Mahakama Kuu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba RV iliyoegeshwa mahali pa umma San Diego inaweza kupekuliwa bila hati ya hakimu, kama gari lolote, polisi wakiwa na sababu za msingi za kushuku. Mahakama iliacha wazi swali la RV iliyoinuliwa juu ya matofali au iliyounganishwa na umeme na maji. Kwa hiyo pazia la dirishani si ukuta. Una haki ya kusema hukubali kupekuliwa. Sema mara moja, kwa sauti ya chini, usizuie mlango.

Bunduki iache nyumbani. Sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda ukiwa unapita tu jimbo, ikiwa haina risasi na imefungwa mbali na mkono wako, lakini ukilala na kutalii humo unaanza kubishana kama bado ulikuwa unapita.

Hatua ya 7: Tangi la choo

Limwagwe kwenye kituo cha kumwagia, basi. Vaa glovu, na fungua tangi la choo kwanza, la maji ya sinki baadaye, ili mpira ujisafishe.