Tengeneza chumba cha kwanza cha gemu ya kutisha: kaloli na teksi isiyojaa

Kelele ya ghafla humshtua mchezaji mara moja. Akiisikia mara ya pili ameshaizoea. Hofu inayodumu hutokana na kanuni ya ajabu ambayo mchezaji anaielewa kidogo kidogo, hadi ajue vizuri kitakachompata akiivunja. Hapa tunatengeneza chumba kimoja tu cha gemu ya namna hiyo kwa Godot, programu ya bure isiyokudai hata shilingi ukiuza kazi yako.

Hatua ya 1: Andika kanuni kwenye karatasi

Usiwashe kompyuta bado. Mahali petu ni stendi ya teksi (basi dogo la abiria, yaani matatu au daladala) ya Kampala usiku, ila ya ndotoni. Magari hayana magurudumu, vibao vya safari vina majina ya watu badala ya Ntinda na Entebbe, na juu ya kila paa amesimama kaloli. Aliyekaa Kampala anamjua ndege huyu: kichwa cha upara, mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, kimo cha zaidi ya mita moja. Muda mwingi yuko kimya, na mara nyingi utakachosikia ni mdomo wake ukigongana, ka-ka-ka-ka. Huhitaji kubuni jini, huyu anatosha.

Kanuni ya kwanza: kaloli akigonga mdomo hasikii nyayo zako, akinyamaza, simama. Kanuni ya pili kila Mganda anaijua tangu utoto: teksi haiondoki mpaka ijae abiria 14. Naipenda sana hii kwa sababu ni ya kweli, nasi tunaisogeza kidogo tu. Ndani ya gari viti 13 vimekaliwa na vivuli visivyo na wenyewe. Ukikaa wewe kwenye kiti kilichobaki, mlango unajifunga na unajikuta tena mwanzo wa stendi. Gari linataka kivuli. Inabidi uwashe taa iliyo nyuma yako, usimame mahali ambapo kivuli chako kitalala kwenye kiti hicho. Teksi itaondoka nacho, na chumba kinachofuata utakiingia huna kivuli.

Hatua ya 2: Andaa mradi

Fungua mradi mpya wa Godot 4 na uchague Compatibility kwenye Renderer, yaani njia ya kuchora picha. Inakwenda vizuri kwenye laptopu za zamani, na ndiyo pekee inayokubali kuchezwa kwenye kivinjari, jambo tutakalolihitaji mwishoni. Weka dirisha la 640 kwa 360. Mchezaji awe CharacterBody2D (kipande cha Godot cha mhusika anayetembea), kuta na magari StaticBody2D (cha vitu visivyosogea), vyote vikiwa masanduku ya kijivu. Michoro ingoje hadi fumbo lifanye kazi.

Hatua ya 3: Giza

Ongeza CanvasModulate, inayotia rangi moja eneo zima, yenye rangi #1c1c2a. Usiweke nyeusi tii. Mchezaji anaogopa umbo analolikisia, na kwenye weusi mtupu hakuna cha kukisia. Taa ni PointLight2D. Haitoi mwanga mpaka uipe Texture, yaani picha ya umbo la mwanga, kwa hiyo chagua GradientTexture2D, Fill iwe Radial, kitovu kikae 0.5 kwa 0.5, rangi itoke nyeupe katikati kwenda nyeusi pembeni.

Kivuli cha mchezaji kichore mwenyewe kama picha ndefu nyeusi iliyoshikamana naye, kisha uigeuze ielekee upande usio na taa:

```
$Kivuli.rotation = (global_position - taa.global_position).angle()
```

Kwa njia hii urefu wake uko mikononi mwako, na siku ya kukiondoa unakificha kwa mstari mmoja.

Hatua ya 4: Kaloli

Tengeneza Node2D yenye Timer (iwashe Autostart) na AudioStreamPlayer2D (ya kupiga sauti) uliyoiita Sauti. Unganisha ishara (signal) ya timeout, inayotoka muda wa Timer unapoisha, kisha andika:

```
extends Node2D

@export var mchezaji: CharacterBody2D
var anagonga := false
var kosa := 0.0

func _on_timer_timeout():
    anagonga = not anagonga
    $Sauti.playing = anagonga
    $Timer.start(randf_range(1.5, 3.5))

func _physics_process(delta):
    if anagonga or mchezaji.velocity.length() < 5.0:
        kosa = 0.0
        return
    kosa += delta
    if kosa > 0.3:
        geuka()
```

Kazi ya geuka() utaiandika mwenyewe: irudishe kosa kuwa sifuri, imgeuze kaloli kichwa, imrudishe mchezaji mwanzo. Hiyo 0.3 usiiondoe. Hakuna kidole kinachoachia kitufe papo hapo sauti inapokatika, na mchezaji akiadhibiwa kwa wepesi asioweza kuwa nao, hofu inageuka hasira na gemu inafungwa.

Kwa mlio, chukua miiko miwili ya mbao, igonganishe karibu na simu ndani ya chumba chenye nguo nyingi ili mwangwi usiingie, halafu ushushe sauti kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, mpaka iwe nzito. Iweke ijirudie, na mwisho wake ukatike ghafla, usififie, maana ukimya ndio ishara yenyewe. Mdomo nao uonekane ukigonga: wako wasiosikia, na wako wanaocheza ndani ya teksi sauti ikiwa imezimwa.

Hatua ya 5: Fumbo la kiti

Weka Area2D (eneo linalotambua aliyeingia ndani yake) mahali pa kusimama, uiite mahali, na sharti liwe hili:

```
if taa.enabled and mahali.overlaps_body(mchezaji):
    teksi_iondoke()
```

Kazi ngumu ni dokezo. Mimi siandiki maelezo kwenye skrini. Kondakta asiyeonekana anahesabu hadi kumi na tatu, ananyamaza, anaanza upya. Karibu na mlango wa stendi weka taa nyingine inayopepesa, ili kivuli cha mchezaji kipite juu ya benchi tupu, na benchi lilie kama mtu ameketi. Akiliona hilo mapema, atalikumbuka mbele ya kiti.

Hatua ya 6: Mpe mtu acheze

Tafuta asiyejua lolote, ukae nyuma yake bila kusema neno. Karibu kila mtu atakaa kitini kwanza, hilo tumelitaka. Ila akikaa tena na tena bila kujaribu taa, ongeza mlio wa benchi.

Hatua ya 7: Ipeleke kwa watu

Toa gemu (Export) kwa Web. Kuanzia Godot 4.3 acha chaguo la Thread Support likiwa limezimwa. Faili kuu iitwe index.html, funga zote kwenye zip, pakia kwenye itch.io, tovuti ya gemu, na uchague ichezwe kwenye kivinjari. Sauti ndefu zigeuze ziwe Ogg, aina ya faili la sauti lililobanwa, kabla ya kupakia, kwa sababu mtu wa Arua au Mbale anaifungua kwa bando lake. Wengi wataifungua kwa simu, hivyo ongeza vitufe vya TouchScreenButton: viwili vya kutembea na kimoja cha taa.