Bima ya safari: jinsi ya kuipima kampuni kabla hujailipa

Mwezi uliopita nilikaa na shangazi yangu nyumbani kwake Buruburu tumtafutie bima ya safari. Anakwenda Ujerumani kumwona mjukuu. Ana miaka 68, na presha anayo tangu zamani. Kazi ambayo watu huimaliza kwa nusu saa ilitula jioni mbili nzima. Sikuharakisha, kwa sababu miaka kadhaa nyuma mama yangu alilazwa Ulaya akiwa na cheti cha bima mkobani, cheti ambacho ubalozi ulikipokea bila swali, na kampuni ikakataa kulipa. Nimeandika hapa nilivyofanya safari hii, ili wewe unayempeleka mzazi usipite tulikopita.

Hatua ya 1: Jua kiwango unachohitaji

Kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ikubalike katika nchi zote za Schengen, na ifunike siku zote za kukaa huko: matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani, mtu akiwa mgonjwa au akiwa marehemu. Kiwango hicho ni cha kumridhisha ofisa wa viza tu. Kwa mtu aliyepita miaka 60 mimi hununua kiwango cha juu zaidi, maana chumba cha wagonjwa mahututi kinakula pesa upesi.

Hatua ya 2: Tafuta jina la kampuni inayobeba bima

Jina la wakala si jina la kampuni, wala jina la shirika la ndege linalokuuzia bima pamoja na tiketi. Uliza: "Nikiugua, nani atalipa?" Jina utakalopewa litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima ya Kenya, IRA. Orodha iko kwenye tovuti yao, na ofisi zao ziko Upper Hill, Nairobi. Leseni hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo orodha ya mwaka jana haikusaidii. Mawakala nao wana leseni. Mtafute wako humo humo.

Usitegemee ukubwa wa jina pekee. Wakenya wenye umri wangu wanakumbuka kampuni ya United Insurance ilivyoyumba ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zote zilikuwa na majina yanayojulikana.

Hatua ya 3: Ugonjwa ulio nao tayari

Hapa ndipo tulipotumia jioni ya kwanza yote, na hapa ndipo mama alipoangukia.

Wakala aliyemuuzia mama alimjazia fomu kwa simu. Alimuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, tarehe za safari, basi. Kwenye swali la ugonjwa wa muda mrefu akaandika "Hapana" mwenyewe, bila kuuliza. Mama alikuwa akimeza dawa ya presha kila asubuhi. Alipolazwa, madaktari wakaandika dawa zake zote kwenye faili kama ilivyo kawaida, kampuni ikaomba faili, ikalinganisha na fomu, ikajibu kwamba taarifa muhimu ilifichwa. Tulibishana nao miezi mingi. Bili tuliilipa sisi, kwa mchango wa familia.

Kwa hiyo jaza fomu kwa mkono wako. Wakala akisema "niachie mimi," mshukuru, kisha uichukue. Andika kila ugonjwa na kila dawa, hata ile uliyoizoea mpaka ukasahau kwamba ni dawa. Presha, sukari, pumu, upasuaji wa zamani. Bei inaweza kupanda. Afadhali ipande.

Kisha omba mkataba wenyewe wote, si kile kikaratasi chenye picha za ndege. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa, na utafute majibu ya maswali haya. Je, ugonjwa wa awali haulipiwi kabisa, au unalipiwa kwa dharura tu, na hadi kiasi gani? Kuna kikomo cha umri, na je, kiwango cha malipo hushuka ukipita umri fulani? Ni kiasi gani cha kila dai utabeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa? Na kama safari yenyewe ni ya kutafuta matibabu, kama wanavyofanya wengi wetu wanaokwenda India, jua kwamba kwa kawaida bima ya safari hailipii matibabu hayo uliyoyafuata.

Usichokielewa kiulize kwa baruapepe. Nasisitiza baruapepe. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa, na wakala akihama kampuni anaondoka na simu yake. Swali letu lilikuwa hili: "Msafiri ana presha na anatumia dawa kila siku. Akipata kiharusi akiwa Ujerumani, mtalipa gharama za hospitali? Tafadhali mnionyeshe kipengele." Tuliandikia kampuni tatu. Ya kwanza ilitutumia bei tena. Ya pili ilijibu "usijali mama, tunalipa kila kitu," bila kipengele chochote. Ya tatu ilichukua siku mbili, ikataja kipengele, ikasema italipa dharura ya ugonjwa uliotajwa hadi kikomo fulani, wala si zaidi. Jibu hilo halikutufurahisha, lakini ndiyo tuliyoichagua. Kampuni inayokuambia mipaka yake kabla ya kupokea pesa ndiyo ninayoiamini.

Hatua ya 4: Piga namba ya dharura kabla hujalipa

Piga usiku, saa nne au saa tano. Sikiliza kama anapokea mtu. Hakikisha pia kwamba namba inaanza na +, kwa sababu zile namba za bure zinazoanza na 0800 ni za kupigia ukiwa nchini. Muulize kama wao huilipa hospitali moja kwa moja au wewe hulipa kwanza ndipo udai, na kama kuna muda wa mwisho wa kuwaarifu baada ya kulazwa.

Hatua ya 5: Lipa

Lipa kwa Paybill ya kampuni, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha. Usitume kwa namba ya wakala. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaitaka kampuni ipokee malipo kabla ya kubeba hatari, yaani kabla bima yako haijaanza, kwa hiyo pesa iliyobaki kwa wakala inaweza kukuacha bila bima. Kabla ya hapo uliza kama watakurudishia ukinyimwa viza.

Hatua ya 6: Karatasi

Chapa cheti, mkataba, na ile baruapepe yenye kipengele. Nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani. Nyingine iwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na dawa, si kwenye sanduku. Namba ya dharura shangazi aliiandika kwa kalamu kwenye kadi, akaitia ndani ya jalada la pasipoti, na mwanawe wa Ujerumani tukamtumia picha ya kadi hiyo.