Kuzamia kwa Kufuata Mkondo Juu ya Matumbawe: Mwongozo kwa Waogeleaji wa Goma

Kijana aliyezoea kuogelea Ziwa Kivu, kule Himbi au Kituku, hulenga mahali anapotaka kufika, akajipeleka kwa nguvu ya mikono yake. Mazoea hayo hayamfai katika mlango wa bahari kama Kinasi, kisiwani Mafia, kwa sababu huko maji ndiyo yanayompeleka, naye kazi yake ni kuchagua saa ya kuingia, kujiweka sawa asiguse matumbawe, na kuibuka mahali ambapo nahodha anamwona.

Kabla ya yote, uliza habari za mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji ya pwani ya Tanzania huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na mikondo huwa mikali. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu na maji hayapandi wala kushuka sana, mkondo hulegea, na hizo ndizo zinazomfaa anayeanza. Pale Kinasi, maji yanapojaa huingia kutoka bahari kuu kuelekea Ghuba ya Chole, hivyo huwa maangavu, na anayepotezana na wenzake husukumwa ndani ya ghuba. Kiongozi akitaka mzame wakati maji yanapwa, mwulize sababu kabla hujavaa mtungi.

Kuruka majini ni kwa pamoja, koti la kuelea likiwa limetolewa hewa, kisha mnashuka papo hapo. Mkondo wa kilomita 2 kwa saa, ambao hata mzee anayetembea taratibu angeupita, humsogeza mtu zaidi ya mita 30 kwa dakika, kwa hiyo anayebaki juu akirekebisha miwani hatawakuta wenzake chini. Mwenye cheti cha ngazi ya kwanza asipite mita 18, hata kama ukuta wa mwamba unaendelea kushuka.

Ukifika, lala kifudifudi juu kidogo ya mwamba, mapezi yakiwa yameinuliwa, nawe usipige maji mbio. Kipimo cha hewa kinachoning'inia hukwaruza matumbawe bila mwenyewe kujua, basi kibane kifuani. Matumbawe ni wanyama hai, na yale ya mviringo hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Ukitaka kusimama, shuka upande wa pili wa jiwe kubwa, kwa kuwa mkondo hupungua karibu na sakafu na nyuma ya kizuizi. Ukitaka kuhama, ogelea kwa kuukata mkondo ubavuni, maana kushindana nao uso kwa uso ni kumaliza hewa bure. Jambo la kuogopwa ni mkondo wa kushuka: ukiona viputo vya pumzi yako vinazama badala ya kupanda, acha ukuta mara moja, ogelea kuelekea maji ya wazi, na usiondoe jicho kwenye kipimo cha kina.

Anza kupanda ungali na hewa ya kutosha, kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, kisha subiri dakika 3 kwenye kina cha mita 5. Wakati huo boya la rangi kali liwe limekwisha kupandishwa, na kamba yake ishikwe mkononi tu, isifungwe mwilini, kwani chombo kikiinasa kitakuvuta nayo.

Kwa mtu wa Goma safari ya kurudi nayo ina hatari yake. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke polepole. Mimi ningesubiri saa 24, kwa kuwa Kigali na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na barabara ya kupitia Musanze hupanda zaidi ya mita 2,000. Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kufika nyumbani, mweleze daktari tangu mwanzo kwamba ulizamia baharini, kwa maana mbali hivi na pwani si rahisi jambo hilo limjie akilini.