Somo: Kuzamia kwenye Dania, Mombasa

Dania haikuzama, ilizamishwa. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo. Mwaka 2002 ikapelekwa chini kusudi, kaskazini mwa Mombasa, iwe makazi ya samaki. Ina urefu wa karibu mita 80 na imelala kwenye kina cha mita 30 hivi.

1. Cheti cha mwanzo ni cha mita 18. Ongeza cha pili ndipo uje.

2. Siku chagua kwa mwezi. Bamvua lina mkondo mkali na maji ya vumbi. Ngoja maji mafu. Kusi ikishika, acha kabisa hadi kaskazi.

3. Shuka na kamba ya boya, usiiachie. Mkondo ukikutoa, utamaliza hewa ukiitafuta meli.

4. Hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara nne. Jedwali la wazamiaji nalo linakupa dakika 20 tu, tangu unapoanza kushuka. Anzia chini, umalizie sitahani. Mtungi wa hewa wenye shinikizo la bar 200 ukisoma 100, mimi narudi kwenye kamba, hata kama chewa ndiyo kwanza anatoka ngamani.

5. Panda mita 9 kwa dakika, tulia mita 5 kwa dakika tatu.

MASWALI

Mwalimu, naruhusiwa kuingia ndani?
Kwa cheti hicho, hapana. Piga teke moja, kutu na tope vinatimka, mlango huuoni tena. Chungulia tu.

Kuzamisha meli hivi si kutupa taka baharini?
Inategemea kilichotupwa. Florida, miaka ya 1970, walizamisha matairi kama milioni mbili. Kamba zikakatika, matairi yakaenda kugonga matumbawe ya asili. Meli ni nzito, hutulia, ila lazima kwanza itolewe mafuta na nyaya.

Nikizamia asubuhi, jioni nipande ndege ya Nairobi?
Usipande. Ukienda juu mapema, gesi iliyobaki mwilini hufanya mapovu. Subiri kwa muda wa saa 12 ukizamia mara moja, 18 ukirudia.

Basi nichukue treni?
Treni nayo inakupandisha zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari kwa saa chache. Lala Mombasa, dada.