Jinsi ya kuotesha seli za ngozi ya mtu mzima kutoka kwenye kipande kidogo

Wengi wetu maabara tunaanzia kwenye seli za saratani ambazo hazichoki kugawanyika, alafu siku unaletewa kipande cha ngozi ya mtu mzima unashangaa mbona wiki nzima hamna kitu. Seli za mtu mzima zinaenda taratibu na hazitaki kusumbuliwa, ila kama unasoma ugonjwa wa mgonjwa fulani hizi ndo zinakupa picha ya karibu, maana zimebeba vinasaba vyake mwenyewe.

Kabla ya kitu chochote, ridhaa. Kibali cha kamati ya maadili kiwepo na mtu awe ameelezwa na kusaini kabla kisu hakijagusa ngozi. Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani Marekani, alichukuliwa seli zake Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa, na familia ilikaa zaidi ya miaka 20 haijui kitu huku dunia nzima inazitumia, hilo lisirudiwe na mtu yeyote. Kwenye kichupa andika namba ya siri, jina usiandike kabisa.

Kipande cha milimita 3 au 4 kinatosha. Kiingie moja kwa moja kwenye midia (maji yenye lishe ya seli) ya baridi yenye antibayotiki, kikae nyuzi 4 bila kuganda, na jitahidi uanze kazi ndani ya saa 24. Tishu yoyote ya binadamu ihesabu ina virusi hata kama mtu anaonekana mzima, kwa hiyo glavu, koti, kabati la usalama, na chanjo ya homa ya ini B uwe umeshapata.

Sasa kukata. Toa mafuta yote ya chini ya ngozi, alafu kwa wembe mpya kata vipande vya milimita 1 au pungufu, na ukate kwa kukandamiza mara moja tu, usiupeleke wembe mbele na nyuma, kwa sababu kingo zikichanika seli za pembeni zinakufa na hizo hizo ndo ulikuwa unazisubiria zitoke.

Hapa pa kuvilaza ndo penye kazi yenyewe. Panga vipande kwenye sahani ya plastiki vikiwa na unyevu kidogo tu, wacha dakika chache vishike chini ila visikauke, kisha weka midia kidogo sana, tone juu ya kila kipande, maana ukimwaga nyingi vinaelea na kipande kinachoelea hakitoi seli. Ingiza inkubeta (kabati la kutunzia seli kwenye joto) ya nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5, kesho yake ongeza midia taratibu kwa ukingoni mwa sahani. Midia ya DMEM (aina inayouzwa tayari) yenye serumu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, asilimia 10 mpaka 20 inafaa.

Alafu usiguse! Nisikilize hapa jamani, kila ukiitoa sahani kuchungulia unaitikisa na vipande vinabanduka, kwa hiyo siku za mwanzo iache kabisa, baadae badilisha midia kila siku 2 au 3 kwa upole. Mara nyingi zitatangulia seli za tabaka la juu la ngozi, zina pembe pembe na zimebanana, usizihangaikie, midia hii haizifai na zitapungua zenyewe. Kuanzia kama wiki ya kwanza mpaka ya pili utaona faibroblasti, seli za tabaka la ndani la ngozi ambazo ndo unazitafuta, zinachomoza pembezoni, nyembamba, ndefu, zimelala upande mmoja kama kundi la samaki wadogo. Binafsi naona hakuna kitu kizuri zaidi kwenye darubini.

Zikijaza asilimia 70 hadi 80 ya sahani, zioshe serumu yote itoke, weka tripsini (kimeng'enya kinachozibandua) dakika 2 mpaka 5 huku unaangalia kwa darubini, zikijiviringa tu simamisha kwa midia yenye serumu na uzihamishie chupa kubwa. Kila uhamisho andika namba yake. Watafiti Hayflick na Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba faibroblasti za binadamu zinagawanyika kama mara 50 hivi alafu basi, na hizo zilitoka kwa vijusi, za mtu mzima zinaishia mapema zaidi, kwa hiyo majaribio fanya na za mwanzoni, na usije ukalinganisha za uhamisho wa 4 na za uhamisho wa 15 ukasema tofauti ni ugonjwa.

Kingine, maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara. Haina ukuta wa seli kwa hiyo penisilini haiifanyi kitu, haichafui midia kwa macho, ila inaharibu matokeo yako yote kimya kimya. Pima kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vyake) mara kwa mara, na antibayotiki ziondoe mapema ukishaona seli ziko safi, zikibaki zinaficha uchafu wa bakteria na uzembe wa mikono.

Kugandisha anza mapema. Tumia serumu iliyochanganywa na asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga seli zisiumizwe na barafu, joto lishuke kama nyuzi 1 kwa dakika mpaka nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha naitrojeni ya kimiminika. Kuyeyusha ni kinyume chake, haraka kwenye maji ya nyuzi 37 na uzitoe kwenye DMSO upesi. Baada ya siku kadhaa yeyusha kichupa kimoja cha kujaribia, na mpaka uone kesho yake zimeshika chini na kujinyoosha, zile zilizoko inkubeta usizitupe.