Redio iliyokuja na gari au ya kununua? Angalia haya kabla hujang'oa kitu

Kabla hujatoa hela ya redio mpya, kaa kwenye gari yako robo saa, washa, uandike kila kitu ambacho redio ya sasa inafanya ukiacha kupiga muziki. Bonyeza vitufe vya kwenye usukani, weka rivasi uone kama kamera inatokea, cheki kama AC na mipangilio mingine ya gari inaonekana kwenye skrini hiyohiyo. Hiyo karatasi ndo itakayokwambia ubadilishe au uache, sio ukubwa wa skrini uliyoiona ikiwaka dukani.

Nasema hivyo kwa sababu magari mengi ya miaka ya karibuni redio yake imeungwa kwenye mtandao wa ndani wa gari unaoitwa CAN, yaani vifaa vinaongea kupitia waya mbili za pamoja badala ya kila kimoja kuwa na waya wake, sasa ukiing'oa bila kuweka kile kisanduku cha kutafsiri lugha ya gari, vitufe vya usukani vinakufa, na kuna magari mipangilio ya AC inapotea kabisa maana ilikuwa humohumo kwenye skrini. Gari ya hivyo mimi naacha redio yake, natafuta kifaa cha kuongeza CarPlay (ya iPhone) au Android Auto (ya simu za Android), yaani mifumo ya kutumia programu za simu kwenye skrini ya gari, kwenye skrini ileile kama kipo cha modeli hiyo. Ila gari ya zamani, redio inapiga CD na FM basi, hapo badilisha bila wasiwasi.

Ukiamua kubadilisha, pima tundu kwanza. Redio zina vipimo vya kawaida vinavyoitwa DIN: DIN moja ni milimita 180 kwa 50, DIN mbili ni 180 kwa 100, na Toyota nyingi zina upana wa 200, kwa hiyo ukiweka ya 180 unabaki na pengo la milimita 10 kila upande na lazima ununue fremu. Pima na kina pia, watu wanasahau nyuma kuna soketi na waya zinahitaji nafasi. Zile skrini kubwa zinazokaa mbele ya dashibodi, hakikisha haizibi matundu ya AC wala swichi ya hazadi.

Kwenye ramani watu wanadharau sana kifaa cha kiwandani. Ni kweli ramani yake iko kwenye diski au kadi na inazeeka, barabara iliyojengwa juzi haimo, lakini vifaa vingi vya hivyo vinachukua spidi kutoka kwenye gari yenyewe na vina kihisi cha kugeuka, so ukiingia kwenye handaki bado vinajua uko wapi. Redio nyingi za kununua zinategemea kaantena kadogo ka GPS, kaweke chini ya kioo cha mbele kanapoona anga, usikafiche nyuma ya bati. Kama shida yako kubwa ni kuelekezwa njia tu, simu kupitia CarPlay au Android Auto itakupa ramani mpya zaidi, pakua ramani ya eneo mapema ili mtandao ukikata usipotee. Na kama gari imetoka Japani na redio yake, jua ramani ni ya Japani na FM yake inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, wakati nchi nyingi zinatumia 87.5 hadi 108, hiyo kwangu ni sababu tosha ya kubadilisha.

Kile kibandiko cha "50W x 4" kwenye redio, yaani wati 50 kwa kila spika kati ya nne, kisikusumbue. Fyuzi ya redio ikiwa ya ampea 10, kwenye volti 14 inapitisha wati 140, sasa hizo 200 za muziki mfululizo zitatoka wapi? Angalia namba ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, mara nyingi iko chini ya 25 kwa spika.

Tuje kwenye waya, hapa ndo naumia. USIKUBALI fundi akate soketi ya gari. Mimi nilikatiwa, zikasokotwa na kufungwa selotepu, na redio ikawa inasahau stesheni kila nikizima gari, kumbe ya njano na nyekundu zilibadilishwa. Njano ni umeme wa muda wote unaotunza kumbukumbu, nyekundu inapata umeme ukigeuza ufunguo. Zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa muda wote redio hailali na betri inaisha gari ikiwa imepaki. Nunua soketi ya kuunganishia ya gari yako, unachomeka tu, na siku ukitaka kurudisha ya zamani unachomoa. Bluu ni ya antena, ikisahaulika kwenye gari yenye kikuza mawimbi FM inakuwa na mikwaruzo na utalaumu redio bure. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika, zenye mstari mweusi ni hasi, usiziunge kwenye bodi ya gari maana unaua amplifaya. Rangi hizi ni za redio ya kununua, za gari yenyewe huwa tofauti, kwa hiyo tumia mchoro wa gari au mita, sio kukisia.

Kabla ya kuanza kufungua, kama redio ya zamani ina namba ya siri ya kuzuia wizi iandike, halafu toa waya hasi wa betri. Panua kava kwa vifaa vya plastiki, bisibisi inachubua. Ukishaunga kila kitu usirudishe kava bado: rudisha betri, chukua ile karatasi ya mwanzo, ujaribu kimoja kimoja, usukani, rivasi, spika zote nne, FM, kisha zima, toa ufunguo, subiri dakika kumi uwashe tena uone kama stesheni zako bado zipo. Zikiwepo, funga kava.